Huruma kwa Vigezo

Ipo nchi moja ambayo jina lake siwezi kulitaja, kwa kuwa liko kwenye mchakato. La zamani lilifutwa baada ya kuonekana fupi mno kwa taifa lenye maendeleo kama letu, na jipya linasubiri kikao. Kwa sasa tunaiita Nchi, na kila mwenyeji anajua ni ipi. Ndugu msomaji, kama unahisi unaifahamu, nakusihi uache kuhisi. Kuhisi bila kibali ni kosa huku kwetu.

Nchi hii ina bahati moja ambayo majirani wanaionea wivu: ina Wizara ya Huruma. Kwingineko huruma imeachwa ovyo mikononi mwa watu, kila mtu anamhurumia amtakaye, saa aitakayo, bila hata mhuri. Kwetu jambo hili limeratibiwa. Wizara ina jengo la ghorofa, ina Idara ya Huruma ya Dharura ambayo hufunguliwa Jumanne asubuhi, na ina Mfuko wa Taifa wa Huruma, ambao vikundi vidogo vya mitaani huuomba msaada kwa kuandika kitu kinachoitwa andiko. Juu ya mlango mkuu imechorwa kaulimbiu inayoimbwa na watoto wote shuleni kabla ya kunywa uji, siku ambazo uji upo: HURUMA KWA VIGEZO.

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Mteremko, na ni katibu wa Umoja wa Wabebaji. Mtaa wetu uko upande huu wa korongo, kituo cha afya kiko upande ule. Mtu akizidiwa tunamlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne tunakiinua mabegani, tunashuka korongo, tunavuka kijito, tunapanda. Ipo pia barabara ya juu, ya kuzunguka. Kwa miguu utazunguka mpaka jua lichwe. Kwa injini ni muda wa kumenya viazi vya chakula cha mchana. Lakini injini hatuna. Tuna kitanda.

Mwaka juzi, masika, tulimbeba Nasra, binti wa mwenyekiti wetu Bi Kidawa. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri na njia ilikuwa utelezi mtupu. Tulifika kwenye geti la kituo tukiwa na mama mzima na mtoto aliyekwisha kufa. Bi Kidawa alimfunga mjukuu wake kwenye kanga, akarudi naye kwa miguu nyuma ya kitanda. Vijinguo vya yule mtoto nilikuwa nimevishona mimi. Nilivifungia kwenye sanduku; sikuwa na moyo wa kumpa mtu mwingine.

Sasa Nasra alikuwa mjamzito tena, na mawingu ya masika yalikwisha kuanza kukaa juu ya kilima. Bi Kidawa aliitisha kikao barazani kwake.

"Huyu hapandi kitanda," alisema. "Sikilizeni vizuri, maana sirudii. Mwanangu hapandi kitanda tena. Tunatafuta bajaji ya wagonjwa. Katibu, wewe una mwandiko mzuri. Andika."

Nikakubali kuandika. Nilidhani ni kuandika tu.

*

Kabla ya kuandika andiko sharti uhudhurie semina ya kuandika andiko. Tulikwenda mimi na Bi Kidawa. Semina ilifunguliwa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Balozi Dakta Kanali Mstaafu Hosea Mtambalike, ambaye cheo chake kilipomaliza kusomwa, chai ilikuwa imepoa.

"Ndugu wadau!" aliunguruma. "Wako watu wanaosema serikali yenu imelala. Huo ni uzushi! Serikali imefumba macho tu, ili ione mbali. Mwaka huu nimeutangaza kuwa Mwaka wa Ustahimilivu. Hatutaki tena kusikia wananchi wanaokaa na kulia. Tunataka wananchi wanaolia huku wanatembea!"

Tulipiga makofi. Bi Kidawa hakupiga, ila alikuwa ameshika mkoba.

Baada ya Waziri kuondoka na msafara wake, semina iliendeshwa na Afisa Mtathmini, Bwana Faraji Kwembe. Huyu alikuwa kijana mpole, shati limenyooka, sauti ya kubembeleza. Ningependa msomaji amkumbuke kwa upole huo, kwa sababu mtu katili tungejua namna ya kumkasirikia. Bwana Kwembe alitufundisha kwamba neno "shida" limefutwa katika nyaraka zote za Nchi na badala yake tuandike "fursa ambayo haijafikiwa". Alitufundisha pia kwamba Mfuko haununui vitu.

"Vitu vinaharibika," alieleza. "Sisi tunawajengea watu uwezo."

"Mwanangu," Bi Kidawa alisema, "uwezo wa kubeba tunao. Tazama bega la huyu Katibu lilivyoinama. Tunachokosa ni magurudumu."

"Mama, umesema maneno mazito sana," Bwana Kwembe alijibu, na nadhani alimaanisha. "Lakini hayana kifungu."

Basi nikaandika. Cherehani ilikaa kimya, wateja wakaanza kunisema, mimi nimeinamia karatasi. Kwenye ukurasa mmoja tulitakiwa tuonekane hoi, ili Mfuko uone haja ya kutusaidia. Kwenye ukurasa unaofuata tulitakiwa tuwe imara, kwa kuwa ni Mwaka wa Ustahimilivu na aliye hoi hana sifa. Niliandika hoi, nikafuta, nikaandika imara, nikafuta, na kila nilipoinua kichwa nilimwona Nasra akipita dukani na ndoo, tumbo limeshuka kidogo kuliko jana.

Nilipomaliza nikamsomea mwenyekiti jina la andiko: "Kuimarisha Mnyororo wa Mwendo Jumuishi na Endelevu kwa Kaya Zinazotarajia, kupitia Kitovu Jongefu cha Magurudumu Matatu."

"Hicho kitovu ni nini?"

"Ndiyo bajaji, mama."

"Na Nasra yuko wapi humo?"

"Nasra ni kaya inayotarajia."

Bi Kidawa aliisukuma karatasi upande wangu. "Haya," alisema. "Kama wakimwita kaya watamletea bajaji, na awe kaya. Peleka."

*

Majibu yalikuja upesi kuliko tulivyotegemea. Andiko letu lilikuwa limependwa. Kilichobaki ni Bwana Kwembe kuja Mteremko kuona kwa macho, na akiridhika, bajaji itatoka wiki hiyohiyo. Barua ilionya kwa wino mwekundu: hali halisi isibadilishwe kwa namna yoyote.

Niliisoma barua barazani, neno kwa neno. Kila mtu aliielewa. Kisha Bi Kidawa akasimama, akafunga kanga kiunoni, akasema, "Kwa hiyo tunapata mgeni."

Hapo ndipo tulipoharibu, na sioni namna ambavyo tungeacha kuharibu. Mgeni anakuja! Nani alale na uwanja haujafagiwa? Wanawake walipaka kuta chokaa. Vijana walichimba udongo mwekundu bondeni, wakajaza mashimo yote ya njia ya korongoni na kuusawazisha kwa majembe mpaka njia ikapendeza. Kochi lilitoka kwa mwalimu, vikombe vya maua kwa mama mchungaji, na jogoo alitoka kwa mtu ambaye hakuwa na jogoo mwingine. Kitanda cha kamba tulikisuka upya, tukakitandika shuka lililotariziwa. Wagonjwa wetu tuliwaomba wakae nyuma ya nyumba, wasimtie mgeni simanzi wakati wa kula. Hata Mwajabu, mke wa jirani yangu, ambaye naye alikuwa na mimba ya kutosha, tuliona akae hukohuko nyuma, mgeni asije akafikiri mtaa mzima hatuna kazi nyingine.

"Mama Mwenyekiti," nilijaribu, "barua imesema tuache kila kitu kilivyo."

"Nimwache mgeni akanyage uchafu? Akirudi kwao aseme nini juu yetu?"

Nami nisijifanye nilikuwa na akili kuliko wengine. Nilikwenda dukani kwangu, nikawashonea wabebaji wote wanne mashati ya bluu yenye ukosi wa njano. Tulipoyavaa tulipendeza sana. Tulionekana watu waliokwisha kusaidiwa.

*

Bwana Kwembe alifika kwa barabara ya juu, kwenye gari jeupe la Wizara lenye kaulimbiu ubavuni. Dereva alitafuta mahali palipofagiwa vizuri zaidi akaegesha hapo, yaani kwenye mdomo wa kichochoro kinachoteremka korongoni, kati ya ukuta wa mwalimu na ukuta wa Bi Kidawa. Gari liliingia kama kizibo kwenye chupa. Tukaona ni heshima.

"Shikamoo mama," alimwambia mwenyekiti.

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu sana."

Akakaa kwenye kochi, akatoa kalamu, akaanza tathmini. Sasa inabidi nieleze jambo ambalo kila mtu analijua ila Wizara. Kwetu mtu akikuuliza habari, unajibu "nzuri". Hata kama paa linaungua, ni nzuri kwanza, halafu ndipo unasema "ila". Habari yenyewe imo kwenye "ila". Kumjibu mtu vibaya kabla hajakaa ni kama kumwagia maji mlangoni.

"Habari za Mteremko?" aliuliza Bwana Kwembe.

"Nzuri!" tulijibu wote. Akaandika.

"Habari za njia?"

"Nzuri, ila..."

Aliinua kiganja taratibu. "Jibu la kwanza linatosha. Mwongozo unasema jibu la kwanza ndilo la kisayansi. Yanayofuata ni hisia."

"Habari za wagonjwa?"

"Wanaendelea vizuri, ila..."

Kiganja kikapanda tena. Nilianza kutokwa na jasho ndani ya ukosi wa njano. Nilijaribu kumkonyeza mwenyekiti, lakini hata yeye alipoulizwa habari za uzazi katika mtaa, mdomo ulimtangulia: "Tunamshukuru Mungu." Nikaona uso wake ulivyobadilika baada ya maneno hayo kutoka. Yalikuwa yamekwisha kuandikwa.

"Sasa naomba kuiona kaya inayotarajia," alisema Bwana Kwembe.

Nasra alitoka ndani. Alitembea polepole, mkono mmoja ukutani. Nilimtazama vidole: vilikuwa vimeushika ukuta hasa. Nikainuka nikijifanya nasogeza kiti, nikamnong'oneza, "Nasra, imeanza?"

"Tangu asubuhi," alinijibu bila kufungua meno. "Nyamaza, Katibu. Acha amalize. Akimaliza bajaji inakuja."

Akakaa. Juu ya kilima radi ikakohoa.

"Habari ya mama?" Bwana Kwembe alimuuliza kwa ile sauti yake ya kubembeleza.

Uchungu ulikuwa unampanda wakati uleule. Nilimwona akivuta pumzi, jasho limemjaa juu ya mdomo, macho kwenye kalamu ya yule bwana.

"Nzuri," alisema Nasra.

Kalamu ikaandika. Kisha Nasra akainama mbele, akashika magoti, na akatoa sauti ambayo haikuhitaji kuandikwa. Kikombe cha mama mchungaji kilianguka kikavunjika. Matone ya kwanza ya mvua yakagonga bati.

*

Bi Kidawa hakupiga kelele. Alimwendea Bwana Kwembe, akasimama mbele yake na kanga yake ya wageni.

"Mwanangu, una gari. Tumpeleke."

Nataka kuwa mkweli: Bwana Kwembe alisimama. Alimtazama Nasra, akatazama gari, na rangi ikamtoka. Dereva wake alikwisha kutia mkono mfukoni, funguo zikalia. Kama dunia ingeachiwa watu wawili hao, nadhani hadithi yangu ingeishia hapa.

Lakini Bwana Kwembe alikuwa amesoma. "Mama," alisema, "mtathmini haruhusiwi kumsaidia anayetathminiwa. Nikimbeba, takwimu za msingi zitaharibika. Itaonekana Mteremko mna gari. Andiko lenu litafutwa siku hiyohiyo. Ninawalinda, mama. Naomba mnielewe."

Dereva akatoa mkono mfukoni, mtupu.

"Basi lisogeze," nilisema. "Lisogeze tu, tupite."

"Mafuta yaliyoidhinishwa ni ya kuja na kurudi," alisema Bwana Kwembe, karibu analia. "Kusogea hakumo."

Mteremko mtu akishindwa na maneno ana mabega. Tulimlaza Nasra kwenye kitanda juu ya lile shuka la kutarizi. Akakipanda tena, huku mama yake aliyeapa kwamba hapandi akimshika mkono. Kwa kuwa kichochoro kilikuwa kimezibwa, wawili tulikwea boneti, wawili wakatuinulia kwa nyuma, na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa akapitishwa juu ya paa la gari la Wizara ya Huruma. Bati la paa lilibonyea chini ya magoti yangu. Kwa bahati mbaya halikutoboka.

Kisha tukaanza kuteremka, na njia ikatukumbusha jinsi tulivyo wakarimu. Ule udongo mwekundu tulioujaza kwa ajili ya mgeni ulikuwa umekunywa mvua. Mashimo yetu ya zamani tulikuwa tunayajua, kila mguu una lake, lakini sasa yalikuwa yamefunikwa yote na uji wa udongo. Mbebaji wa mbele aliteleza, kitanda kikainama, Nasra akashika kamba za ubavuni na kupiga ukelele mmoja. Bi Kidawa alijitupa chini ya pembe iliyoshuka, akaipokea kwa mgongo.

"Inukeni," alisema akiwa amelala kwenye tope. "Inukeni wanangu, msinitazame mimi."

Tukainuka. Nyuma yetu Bwana Kwembe alikuwa anafuata, mwavuli mkono mmoja, saa mkono mwingine, maana mwongozo ulimtaka apime muda wa safari. Viatu vyake vilikwisha kubaki kwenye tope. Tulipoingia kijitoni maji yakafika kiunoni, nikamsikia akiuliza kwa upole, "Wabebaji, kwa kiwango gani mnaona mwendo huu ni jumuishi?" Nilikuwa nawaza vile vijinguo. Nilikuwa nikiapa moyoni kwamba kama tukifika vizuri nitavitoa kwenye sanduku, na kama hatukufika vizuri nitalichoma lile sanduku pamoja na lile andiko na mashati yetu ya bluu.

Mtoto alizaliwa getini. Ni geti lilelile. Muuguzi alitoka mbio na taulo, Bi Kidawa akapiga magoti kwenye matope, na mtoto akatoka kimya. Alikuwa kimya muuguzi alipomfuta, na alikuwa kimya alipompindua na kumsugua mgongo. Niliwaona wabebaji wenzangu wakigeuza nyuso, kila mtu upande wake. Nasra aliinua kichwa akauliza, "Mbona halii? Mama, mbona halii?"

Kisha akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa kwa makosa, na Bi Kidawa akaketi palepale chini na kuanza kucheka na kulia kwa pamoja. Bwana Kwembe naye alilia. Nilimwona mwenyewe, machozi yanachuruzika mpaka kwenye shati. Alijifuta, akatafuta ukurasa mkavu, akaandika saa.

*

Matokeo ya tathmini yalikuja na mhuri wa dhahabu. Wizara ilifurahi kutuarifu kwamba Mteremko umepata alama za juu kuliko kikundi chochote katika historia ya Mfuko. Njia: nzuri. Wagonjwa: wanaendelea vizuri. Kaya inayotarajia, ilipoulizwa ikiwa katika uchungu, ilijibu nzuri. Muda wa safari: wa kuridhisha. Mtoto: mmoja, hai. Kwa hiyo bajaji haikuonekana kuhitajika, na kutupatia kungeweza kudhoofisha ustahimilivu wetu.

Badala yake tulipewa heshima. Kitanda chetu kilitangazwa kuwa Kielelezo cha Taifa, kizungushwe katika maonyesho ya kila wilaya. Lilikuja gari jipya kukichukua. Walikipakia kwa uangalifu juu ya godoro, wakakifunga kwa mikanda kisije kikatikisika, wakakipitisha barabara ya juu. Kilifika ng'ambo kabla hatujamaliza kupunga mikono.

Mwajabu alikuwa amesimama nasi, amejishika kiuno. "Na mimi je?" aliuliza. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wake.

Siku ya kilele cha Wiki ya Huruma tulialikwa uwanja wa wilaya, tuvae mashati yetu. Kitanda kilikuwa jukwaani kimevishwa maua na utepe, na Waziri Mtambalike alisimama mbele yake akihutubia. Alisema dunia nzima inakuja kujifunza kwetu. Alisema nchi tajiri zina magari mengi ya wagonjwa lakini hazina mabega. Kisha akamwita Nasra apande jukwaani na mtoto. Mtoto alikuwa amevaa vile vijinguo. Vilimtosha.

Waziri alimwekea kipaza sauti mdomoni. Pembeni yake alisimama Bwana Kwembe na kalamu.

"Habari ya mama?" aliunguruma Waziri, na spika zote za uwanja zikauliza pamoja naye.

Nasra alimtazama. Alikuwa hana jasho siku hiyo, wala hakushika ukuta.

"Mbaya," alisema.

Sijui kama msomaji ameshawahi kusikia neno hilo likitolewa kwa spika, kujibu salamu, mbele ya Waziri. Watu walishika midomo. Mama mmoja nyuma yangu alisema, "Yesu na Maria." Waziri alicheka, akauliza tena taratibu, kama anavyorudishiwa swali mtoto wa darasa la kwanza.

"Nimesema, habari ya mama?"

"Mbaya, Mheshimiwa. Mwajabu anajifungua wakati wowote na kitanda chetu mmekifunga utepe."

Bwana Kwembe alikuwa ameinua kalamu. Lilikuwa jibu la kwanza. Nilimwona akiitazama karatasi, akamtazama Nasra, akamtazama Waziri, na midomo yake ikicheza bila sauti. Akaandika. Waziri alimwona akiandika, na hapo ndipo alipoacha kucheka.

Waziri akageukia uwanja, mikono juu, akitafuta kuokolewa. "Wana Mteremko! Habari zenu?"

Hatukuwa tumepanga. Naapa hatukuwa tumepanga. Lakini neno lilitoka kwa Bi Kidawa, likatoka kwangu, likatoka kwa wote waliokuja kwa miguu kupitia korongo: "Mbaya!" Tulijisikia kama watu waliovua viatu vinavyobana. Kisha sisi wanne tulipanda jukwaani na mashati yetu ya bluu, tukashika pembe zetu, tukakiinua. Askari walisita. Nadhani walidhani ni sehemu ya ratiba, kwa jinsi sare zilivyotukaa.

Jioni redio ya taifa ilitangaza kwamba wananchi wenye furaha wamekisindikiza Kielelezo. Wizara imeunda kamati ya kuandaa mwongozo wa salamu. Bwana Kwembe amehamishiwa Idara ya Huruma ya Dharura, ambako nasikia sasa hufungua hata Jumatano, kwa siri.

Sisi tulishuka na kitanda chetu, maua yanaanguka njiani. Nasra alitangulia na mtoto. Karibu na kijito tulikutana na mtu wa mtaa mwingine, simjui jina, amejitwika ndoo ya maji. Akatusalimu kama ilivyo kawaida.

"Habari za huko?"

"Mbaya," alisema Bi Kidawa.

Mtu yule alisimama. Alitutazama, akatazama kitanda kitupu, na uso wake ukabadilika.

"Kuna nini, mama?"

Tukamweleza habari za Mwajabu. Hakuuliza kigezo. Alitua ndoo yake kando ya njia, akapangusa mikono kwenye suruali, akaja kunipokea pembe yangu ya kitanda.